Matawi Matatu ya Mto Kanyelele

Ukiwa na swali ambalo halijawahi kupata jibu, lipeleke mtaa wa Chemchem, Tabora, jioni, kwenye baraza la duka la vitambaa ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Mwanza. Pana benchi refu la mninga, mguu wake mmoja umefungwa waya, na mbele yake hukaa Abbasi na jiko la mkaa na birika la kahawa chungu. Watu wa benchi lile hawana neno "sijui". Asali ya mwaka huu imeganda mapema kwa nini, mwezi huandamaje Tabora kabla ya Unguja, chui wa mwisho wa wilaya alikufa kwa ugonjwa gani: kila swali lina majibu matatu, kwa sababu wakaaji wa kudumu ni watatu. Na kwa karibu mwezi mzima swali lilikuwa moja tu. Mto Kanyelele unatoka wapi, na tawi lake la kweli ni lipi?

Mto wenyewe, kwa asiyeujua, si wa kumkosesha mtu usingizi. Masika hujaa na kunguruma siku chache, kisha hupoa. Kiangazi hubaki mchanga mtupu, na wanawake huchimba vishimo humo wakachota maji kwa kata, taratibu, mpaka ndoo ijae. Watu waliuvuka miaka yote bila hata kuutaja kwa jina. Heshima yake ilianza siku walipopita wageni wawili wanaoandaa mabango ya njia ya kale ya misafara. Walikunywa kahawa kwa Abbasi, wakasema wanatafuta mahali misafara ilipokuwa ikinywesha watu wake maji, na kwamba bango litasimikwa kwenye tawi la mto litakalothibitika. Wakaaga, na hawajaonekana tena. Lakini neno walishaliacha, na kila mzee pale akagundua kwamba nyuma ya nyumba yake kuna tawi.

Nawal alikuwa ameyasikia yote hayo kuliko alivyotaka. Bibi yake ndiye anayepika kashata zinazoliwa kijiweni, na Nawal, aliyerudi likizo kutoka chuo, ndiye anayezipeleka na kungojea sinia. Jioni hiyo alikuja mbio, kashata zikigongana chini ya kawa. Asubuhi alikuwa amepita kwa Kabula, jirani wa upande wa chini, akamkuta amesimama uani bila viatu akiutazama ukuta wake. Ukutani palikuwa na X nyekundu, rangi bado inachuruzika. Wapimaji walikuwa wamepita. Kila nyumba iliyo ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto inawekewa alama ya kubomolewa, Kabula alieleza, na tawi la mto huhesabiwa kuwa mto. Nawal akauliza wanajuaje mto unapita wapi, maana ramani zenyewe ni za enzi za Mjerumani.

— Wanauliza wenyeji, alijibu Kabula.

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyomkimbiza. Nyuma ya nyumba ya Bibi kuna korongo jembamba, karibu kiasi kwamba Bibi husimama mlango wa uani akamwaga maji ya vyombo, nayo yakaangukia humo humo. Na mwenyeji anayelitangaza mji mzima kuwa ndilo tawi mama la Kanyelele ni Ami Ghalibu, mtoto wa Bibi mwenyewe, anayelala chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo.

Alipofika, walikuwa wameshachora. Marko alikuwa ameomba kipande cha mkaa kwa Abbasi, akapiga mstari mnene kwenye sakafu ya baraza, kuanzia mlango wa duka mpaka ukingoni. Huo ulikuwa mto. Matawi matatu yaliuingia kutoka pande tatu, na kando ya kila tawi palifunikwa kikombe cha kahawa kuonyesha nyumba ya mwenye hoja. Marko aliwahi kusoma seminari ya Kipalapala, akaacha masomo kwa ajili ya Levina, ambaye ni mkewe hadi leo, ndiyo maana kijiwe kinamwita Nusu Padri. Aliyechuchumaa mkabala naye ni Lugembe, mkulima wa tumbaku aliyehamia mjini, ambaye kwa kuwa jina la kijiji chake halimtoki mdomoni anaitwa Goweko, basi. Ami Ghalibu alikuwa amekaa benchini, kofia imenyooka, akiwatazama kama hakimu anayejua hukumu tangu jana.

Nawal alitoa shikamoo ya jumla, akaitikiwa marahaba ya jumla. Akamwinamia ami yake.

— Ami, njoo pembeni kidogo.

— Hapa hatuna pembeni. Sema.

— Ni habari ya mto.

— Hiyo ndiyo kabisa usiniambie pembeni, hawa watasema nimepewa majibu.

Basi Nawal akasema hadharani, na akasema kwa mpangilio, kama alivyozoea kusema mbele ya majaji wa mdahalo: X ya Kabula, mita sitini, tawi kuhesabiwa mto, wapimaji kuuliza wenyeji. Alipomaliza alingoja. Aliamini kabisa kwamba kuna mtu atashtuka.

Marko alishika kidevu.

— Kwa Kabula wameweka alama?

— Wameweka, mzee. Nimeiona kwa macho yangu.

— Unaona sasa, Mwarabu? alimgeukia Ami Ghalibu. Nilisema tangu Ijumaa kwamba mto unapinda kwa Kabula. Wewe ukasema unapita kwa fundi baiskeli. Sasa umepimwa na wataalamu.

Akachukua mkaa akaunenepesha mstari pale kwenye pindo la Kabula. Goweko akakubali kwamba pindo ni sahihi, ila akataka ijulikane kuwa pindo hilo linatokana na nguvu ya tawi lake. Nawal alisimama na sinia mkononi akiwaangalia watu wazima wakisherehekea nyumba ya jirani yao kubomolewa, kwa sababu imekaa vizuri kwenye mchoro.

Alianza upya. Aliwauliza kama wameelewa maana ya ile X. Wakasema wameelewa vizuri sana. X ni ya waliojenga juzijuzi mtoni, watu wa kuja, lakini wao ni wenyeji wa zamani na serikali haiwezi kumgusa mtu aliyekuwapo kabla ya ramani. Goweko, ambaye nyumba yake plasta haijakauka, ndiye aliyeitikia hilo kwa kichwa kuliko wote.

— Basi nawaomba kitu kidogo, alisema Nawal. Mtu akija kuuliza, ule wa kwetu si mto. Ni mtaro.

Benchi lilitikisika kwa kicheko mpaka ule mguu wa waya ukalalamika. Marko alimpa Ami Ghalibu mkono wa pole. Alisema yeye asingeweza kumtukana hivyo rafiki yake, lakini sasa damu yake mwenyewe imetoa ushahidi: mtaro. Abbasi alimimina kahawa bila kucheka. Ami Ghalibu hakupokea mkono. Alivua kofia, akaiweka gotini, na Nawal akajua kwamba ameharibu zaidi.

Ami alieleza, kwa ajili ya waliosahau, kwamba babu wa baba yake alifika Tabora na msafara, akapiga kambi pale pale nyumba ilipo. Wapagazi walikuja na kurudi kwa maelfu, mguu nyuma ya mguu, mstari mmoja, mwaka baada ya mwaka, mpaka ardhi ikasalimu amri na kuzama. Mvua ilipokuja ikakuta njia imeshachimbwa, ikaingia.

— Mto ule ulichimbwa kwa nyayo, alisema. Nionyesheni mwingine duniani uliochimbwa kwa nyayo.

Nawal aliona upenyo, akaurukia.

— Kwa hiyo ni njia, Ami. Umesema mwenyewe. Njia iliyoingiwa na maji.

— Ilikuwa njia. Ikawa mto.

— Tangu lini?

— Tangu ilipotaka.

— Na wale waliopita hapo na minyororo shingoni, nao ni wachimbaji? Bango litawataja?

Nawal alidhani amewafikisha mahali. Goweko alikohoa.

— Babu yangu mimi alibeba pembe kwa ujira wake, akarudi na nguo za mkewe. Usimtie mnyororo babu yangu, mjukuu.

— Sijamtaja babu yako, mzee.

— Umetaja shingo.

Marko akaingilia kusuluhisha. Alisema wenye minyororo na wasio na minyororo wote walishikwa na kiu, hilo halina ubishi, na suala lililo mbele ya kikao ni walikunywa kwa nani. Yeye alijua. Walikunywa kwake, upande wa Kipalapala, kwenye chemchemi iliyo shambani kwake, ambayo maji yake hutikisika kengele ya seminari ikipigwa. Maji yanayosikia kengele, alisema, si maji ya mtaro.

Goweko akasema hayo ni mambo madogo. Tawi lake linatoka Goweko yenyewe, linazama ardhini kwa hasira ya kuchafuliwa na majivu ya mabani ya kukaushia tumbaku, linapita chini ya reli bila kugusa hata taruma moja, na linaibukia uani kwake hapa mjini. Ushahidi upo. Shangazi yake aliangusha kibuyu kisimani kijijini, na alipokuwa akichimba msingi wa nyumba mpya, Goweko alikuta kibuyu.

— Kile kile? aliuliza Marko.

— Kina shingo ile ile.

Marko hakuweza kushindwa na kibuyu. Akatangaza jambo ambalo, alisema, alikuwa amelihifadhi kwa sababu kijiwe kilikuwa hakijakomaa: Kanyelele hauna chanzo. Masika unatiririka kwenda chini, na kiangazi, usiku, watu wakiwa wamelala, ule mchanga unarudi taratibu kwao, Kipalapala. Ndiyo maana haupungui. Ami Ghalibu alisema mchanga ukirudi unapita kwake, na ameshausikia ukikwaruza.

Nawal alikaa kwenye ngazi ya baraza na kuegemeza kichwa kwenye nguzo. Alikuwa amebishana na watu wenye akili na watu wenye kiburi, na wote walikuwa na kitu kimoja walichokiogopa, ukikipata umewapata. Hawa hawakuogopa chochote isipokuwa kuzidiwa na mwenzao.

Hapo ndipo alipofika msichana mgeni, ana begi mgongoni na mabuti ya mpira yaliyokauka tope. Alisalimia wazee kwa adabu, akajitambulisha kuwa anaitwa Recheli, akaomba kahawa na nafasi ya kupumzisha miguu. Akasogezewa benchi. Ami Ghalibu, ambaye kwa ukarimu hana mpinzani, alimchagulia mwenyewe kashata iliyojaa karanga. Recheli alipokunja mguu ili akae, Nawal aliona ncha ya buti lake la kulia. Palikuwa na tone la rangi nyekundu.

Alimtazama ami yake. Ami alikuwa akimtazama mgeni.

— Mnachora nini, wazee wangu? aliuliza Recheli.

Huo ndio mlango ambao wazee wale walikuwa wakiusubiri kwa mwezi mzima: mtu ambaye hajasikia. Marko alieleza mto, kwa kidole, tangu mlango wa duka. Goweko alieleza tawi la chini ya ardhi, na shangazi, na kibuyu. Recheli alisikiliza vizuri, aliuliza maji ya uani kwa Goweko hutoka miezi gani, na Goweko, ambaye uani kwake hapajawahi kutoka maji ila siku fundi alipotoboa bomba, akasema yapo mwaka mzima.

Nawal alisogea akakaa karibu na ami yake na kumkanyaga kidole, kwa heshima. Ami akasogeza mguu. Akamkanyaga tena.

— Unanikanyaga, mwanangu, alisema Ami kwa sauti ya wote.

Kisha akamgeukia mgeni, akamwomba radhi, akasema vijana wa siku hizi wanasomeshwa mpaka wanaona haya historia yao. Huyu hapa, mathalani, leo tu ameuita mto wa mababu zake mtaro. Recheli akamtazama Nawal. Lilikuwa jicho la mtu aliyefanya kazi tangu asubuhi na angependa sana kusikia jambo moja la kweli.

— Ni mtaro? alimuuliza.

— Ni mtaro, alisema Nawal.

— Binti, nyamaza, alisema Ami. Akachukua mkaa kutoka kwa Marko, akainama kwa shida, magoti yakilia, akaupitishia mkaa mstari wa tawi lake, mara ya pili na ya tatu, mpaka ukawa mnene kuliko mto wenyewe. — Tawi hili, dada yangu, halijakauka tangu nizaliwe. Mama yangu alilikuta likiwa hivyo, na mama yake. Ukitaka nile kiapo, nakula.

Nawal alifumba macho. Alipoyafumbua, Recheli alikuwa amemaliza kahawa na kuweka kikombe chini taratibu, mbali na mchoro.

— Nimewaelewa vizuri, alisema. Mto mmoja, matawi matatu, yote yana maji na yote ni ya zamani. Nawashukuru, maana tangu asubuhi kila ninayemuuliza ananiambia hajui. Sasa mimi si mwenyeji, nina swali moja tu dogo.

— Uliza hata kumi, alisema Marko.

— Nyinyi wenyewe mnakaa wapi?

Kijiwe kikanyamaza.

Ilikuwa kama vile redio imezimwa nyumba ya jirani, ukagundua muda wote ilikuwa ikilia. Macho ya Marko yalishuka mpaka kwenye buti la mgeni, yakakaa pale. Goweko naye akalifuata jicho la Marko. Kisha, pole pole, kama mtu anayejinyoosha, Goweko akaunyoosha mguu wake wenye kandambili na kuanza kulisugua tawi lake sakafuni, huku na huku, akitazama barabarani.

Abbasi hakuwa amesema neno tangu jioni ianze. Akainuka, akazunguka jiko.

— Naomba vikombe vyangu, alisema. Kahawa imeisha.

Birika lilikuwa bado zito mkononi mwake. Akaokota nyumba ya Goweko, akaokota nyumba ya Marko, akaokota nyumba ya Bibi, akavitia vikombe vyote kwenye ndoo ya maji.

Ami Ghalibu ndiye aliyebaki na mkaa mkononi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi. Aligeuza shingo akamtazama Nawal, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze, alikuwa anamtazama ili aseme. Wote walikuwa wanamtazama ili aseme. Marko hata alimpisha kidogo kwa mkono, kama mwenyekiti anayempa mtu nafasi. Nawal alikuwa na hoja za njia na mto, za maji ya mvua na maji ya chemchemi, alikuwa nazo tangu alipotoka kwa Kabula. Lakini Ami mwenyewe alikuwa ameshajitolea kula kiapo.

Alichukua sinia.

— Bibi anangojea, alisema.

Akashuka ngazi na kugeuka kulia. Nyumba ya Bibi iko kushoto. Alitembea bila haraka kuelekea sokoni, na alipofika kwa fundi baiskeli akatazama nyuma. Goweko, anayekaa huko huko sokoni, alikuwa amejitosa upande wa stesheni. Marko, ambaye baiskeli yake siku zote huelekea njia ya Kipalapala, alikuwa anaisukuma kuelekea msikitini, mahali asipokuwa na shughuli yoyote. Na Ami Ghalibu alikuwa anakuja nyuma yake, kofia mkononi, akitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine.

Walizunguka soko lote. Walipita nyuma ya ghala, wakakatiza uwanja wa mpira, Ami akipumzika kila penye kivuli. Walipolikaribia korongo kwa upande wa juu, ndipo Nawal alipokumbuka sakafu ya baraza. Goweko alifuta lake. Mstari wa Marko ulikuwa hafifu tangu mwanzo. Ule mnene, uliopitishiwa mkaa mara tatu, unaotoka kwenye pindo la Kabula na kuelekea kushoto moja kwa moja, haukuguswa na mtu.

Bibi alikuwa amesimama mlango wa uani na beseni la maji ya vyombo.

— Mbona mnatokea huko? Mmepita wapi?

Bibi akamwaga maji. Yakaanguka korongoni, yakajikusanya, yakapata njia, na yakaanza kwenda zake chini kwa Kabula, yakimetameta.

— Haya, mto wako huo, Ghalibu, alisema Bibi. Alikuwa amezoea kumfurahisha.

— Ni mtaro, mama.

Bibi akamtazama mwanawe vizuri, mikono iliyochafuka mkaa, kofia iliyokunjwa. Akaweka beseni chini.

— Masikini. Wamekushinda leo?

— Wamenishinda.

Alikuwa akimpangusa vidole kwa ncha ya kanga, kama mtoto, pale upande wa barabarani mtu alipobisha hodi. Ilikuwa sauti ya kike, yenye adabu. Nawal aliinua mkono kumzuia, na Ami Ghalibu naye aliinua wake, lakini Bibi hajawahi katika maisha yake kuiacha hodi isimame peke yake mlangoni.

— Karibu, mwanangu, aliitikia. Pita ndani.